Windows na Linux kwenye laptopu moja: habari kutoka TP Nemba

Najua nimepotea, si kwa ubaya, ni mitihani tu na mambo ya kuhama chumba. Tangu nirudi kutoka TP mwaka jana, watu kama watatu wa hapa hosteli wameniuliza swali moja: hivi inawezekana kweli kompyuta moja ikakaa na Windows na Linux bila moja kuimeza nyingine? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo hili, na nitalieleza kwa laptopu moja iliyoko Nemba, kwa sababu kule ndiko nilikoona maana yake. Hapa kampasi mtu anaweka Linux ili mwenzake wa chumba amuone mkali. Teh teh teh.

Kwa wasiojua, Nemba iko mkoa wa Kagera, upande wa Biharamulo. Ukitoka Dar unakata nchi nzima, Dodoma, Singida, Kahama, mpaka ufike njia panda ya Nyakanazi, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapopanga foleni na kila abiria anashuka kununua chochote kilichochomwa. Kutoka hapo wengine wanaenda Kibondo na Kigoma, wengine Ngara na Rusumo, wengine Biharamulo. Mimi nilikuwa na begi, godoro la futi mbili na nusu, na barua ya kwenda kufundisha Hisabati na Jiografia kwenye sekondari moja ambayo jina lake nitalihifadhi.

Shule ina kompyuta moja ya ofisi ya taaluma. Moja. Ni Dell ya zamani, Core i3 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski GB 500, betri imeshakufa: ukichomoa waya inahesabu dakika mbili halafu giza. Ndani yake mna kila kitu, majina ya wanafunzi, alama za kidato cha kwanza mpaka cha nne, barua za wazazi, ratiba. Anayeitunza ni mwalimu wa taaluma, mama mmoja wa Kiswahili ambaye wote tunamwita Madamu. Siku ya kwanza baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwalimu, wewe umetoka Mlimani, bila shaka kompyuta unazijua." Nikajibu najua kidogo. Kwenye ofisi ya walimu "kidogo" maana yake ni wewe ndiye fundi, ujue.

Ugonjwa wa ile laptopu mnaujua wote. Flashi. Walimu wanaenda kuchapa mitihani steshenari, flashi inachomekwa kwenye mashine iliyokwisha kuchomekwa flashi za kata nzima, ikirudi mafaili yote yamegeuka shotikati. Ukibofya, kirusi kinahamia kwenye kompyuta. Dawa iliyokuwa inatumika ni kuita fundi kutoka mjini aje kupiga Windows upya, kila muhula, na kila akipiga kuna kitu kinapotea. Alama za mwaka 2023 za darasa ambalo mwaka huo wa TP lilikuwa kidato cha nne zilipotea hivyo hivyo. Madamu alikuwa anazihitaji kwa ajili ya kumbukumbu za maendeleo yao, na alikuwa ameshaanza kuzikusanya upya kwenye madaftari ya walimu, wengine walishahama.

Halafu kulikuwa na jambo la pili. Microsoft walishatangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 wanaacha kuihudumia Windows 10, yaani hakuna tena viraka vya usalama vya bure kama zamani. Windows 11 kwenye mashine ile haiingii kihalali, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na kile kijichipu cha TPM 2.0. Mitihani ya taifa ya kidato cha nne ni Novemba. Kwa hiyo hesabu ni rahisi: mwezi mmoja kabla ya wakati mashine inapohitajika kuliko wakati wote, itakuwa imeachwa bila mlinzi, na flashi zinaendelea kuja.

Sasa mkereketwa wa Linux atasema, futa Windows yote, weka Linux, kwisha habari. Mimi mwenyewe ni mkereketwa, lakini hapana. Kule kuna karatasi moja ya Excel inayozunguka kwa flashi kutoka shule hadi shule, hakuna anayejua nani aliitunga. Unaingiza alama, inachukua masomo 7 bora ya kila mtoto, A pointi 1 mpaka F pointi 5, inajumlisha, 7 mpaka 17 divisheni ya kwanza, 18 mpaka 21 ya pili, na kuendelea, halafu ukibofya kitufe inatoa ripoti ya kila mzazi. Nikaifungua kwenye LibreOffice. Hesabu zilikuja sawa, kitufe kikagoma, maana nyuma yake kuna makro za Microsoft. Kuwaambia walimu wasio na muda waandike ripoti 300 kwa mkono ili mimi nifurahie programu huria, huo ungekuwa uungwana gani?

Ndiyo maana nikafikia kwenye mbili. Linux iwe mlango wa nje: flashi zote zifunguliwe kule, intaneti iwe kule. Windows iwe chumba cha ndani, haina mtandao kabisa, kazi yake ile Excel na printa.

Nikamweleza Madamu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna video ya YouTube iliyowahi kuniuliza. "Mwanangu, wewe unaondoka Agosti. Hiki kitu kikinigomea Septemba nani atanisaidia?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ukweli ni kwamba kwenye shule zetu kuna makabati yamejaa misaada ya watu waliokuja, wakafunga kitu kizuri, wakapiga picha, wakaondoka na elimu yake kichwani. Nikamwambia, sitaiweka mimi, utaiweka wewe, mimi nitakaa pembeni. Akacheka, akaniambia mimi nina miaka 52. Nikamwambia hata hivyo. Akasema kwanza nionyeshe inafanya nini.

Hapa ndipo panapopendeza kwenye Linux, unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu chochote kwenye diski. Nilikuwa na Xubuntu 24.04 niliyoishusha kwa intaneti ya maktaba hapa chuoni, nimeiandika kwenye flashi ya GB 16. Tukazima, tukawasha huku tunabonyeza F12, tukachagua flashi, ikawaka. Nikamwomba ile flashi yake ya zamani aliyoambiwa imekufa. Tukachomeka. Kwenye Windows ilikuwa inaonyesha shotikati moja tu. Huku ikaonyesha shotikati hiyo, mafaili mawili ya ajabu ajabu, na folda moja lisilo na jina, kama nafasi tupu. Akabofya pale patupu. Mafaili yote yakajimwaga, pamoja na alama za 2023, kidato cha pili mikondo yote miwili.

Madamu hakusema kitu. Alivaa miwani, akafungua moja, akaanza kusoma majina kwa sauti ya chini, kama mtu anaita rejesta. Kwa wanaotaka kujua sababu: kirusi kile hakifuti, kinahamishia mafaili kwenye folda lenye jina la herufi isiyoonekana, kisha kinalipiga alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii. Linux haijali alama hiyo. Na lile faili la kirusi lenyewe limeandikwa kwa ajili ya Windows, huku likibofywa linakaa tu. Si chanjo, ni ukuta, na ukuta unatosha kwa kazi ile.

Jina Ubuntu nalo lilizua mjadala kwenye chai. Watu wa huku pwani mkisikia mnafikiria utu, na ni kweli, jina lilitolewa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kwa maana hiyo, toleo la kwanza Oktoba 2004. Lakini kuna mwalimu mmoja mtu wa Ngara, Kihangaza chao na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, akasema ng'ambo ya mpaka ukimwambia mtu unampa kitu "ku buntu" maana yake unampa bure. Ofisi nzima wakacheka. Wakauliza, na hii ni ya bure? Nikasema ndiyo, na kuanzia 2005 mpaka 2011 ukiagiza walikuwa wanakutumia CD kwa posta mpaka kwako, hulipi hata stempu. Tangu siku hiyo haikuitwa tena Linux wala Xubuntu. Ikawa "ile ya bure".

Na kama unaona kuweka mbili ni dalili ya mtu asiye na msimamo, kumbuka Linux yenyewe ilizaliwa hivyo. Linus Torvalds mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa chuo Helsinki, miaka 21, rika letu kabisa, na mashine yake ilikuwa na Minix. Alikuwa anaijenga Linux pembeni kwenye diski ile ile. Siku moja akaamuru kompyuta ipige simu kwa modemu, kumbe kaielekeza kwenye diski, ikaiandika juu ya Minix ikaharibika. Badala ya kuirudisha akahamia Linux moja kwa moja. Kwa hiyo kuchanganya diski ni jambo la kihistoria, ila kwa ofisi ya taaluma tulitaka historia isijirudie.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza nakala. Jamaa anayeuza muvi na nyimbo pale senta ana diski ya nje ya TB 1, akatupa nafasi kwa sharti tusiguse folda la Wakorea. Tukanakili nyaraka zote za shule, na zile za alama tukaweka pia kwenye flashi mbili tofauti, moja nyumbani kwa Madamu, moja kwangu. Hatua hii watu wengi wanairuka. Usiruke. Unapokwenda kupunguza sehemu ya Windows ili kupata nafasi, mafaili yanahamishwa ndani ya diski, na umeme ukikatika katikati na betri yako ni kama ile ya kwetu, hapo ndipo utajua hujui.

Na umeme, jamani. Watu wa huko wanaona nguzo kubwa zikipeleka umeme wa maporomoko ya Rusumo mpaka Nyakanazi, MW 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini mvua ikipiga kijijini na mti ukilalia waya, uko gizani tu. Tukashauriana. Kinyozi wa senta ana sola, betri kubwa mbili na inveta, mashine zake za kunyolea hazizimiki. Basi Jumamosi saa moja asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, mwalimu wa taaluma na mwanachuo wakabisha hodi saluni na laptopu ya shule kwenye mfuko wa rambo. Kinyozi akatuangalia, akasema, "Ticha, hata hiyo nayo inanyolewa?" Nikamwambia ndiyo, tunaipunguza pembeni.

Na ndicho tulichofanya. Upande wa Windows, Madamu mwenyewe akiwa na kipanya, tukazima kwanza ile tabia yake ya kuwaka haraka. Watu wengi hawajui kwamba Windows 10 ukiizima haizimiki kabisa, inasinzia, inaacha kumbukumbu ya diski ikiwa wazi. Linux ikija kuandika humo wakati mwenzake amesinzia ndipo mafaili yanapoharibika, na ndiyo maana mara nyingi inakataa kuandika kabisa. Amri ni moja, powercfg /h off, basi. Halafu kwenye kisimamizi cha diski tukaipunguza C kwa GB 60. Tukangoja. Wateja wawili wakanyolewa tukingoja. Kisha tukawasha kwa flashi, tukachagua kuweka pembeni ya Windows, tukaangalia mara tatu kwamba iliyochaguliwa ni ile nafasi tupu, na Madamu akabofya. Alikuwa anaandika kila hatua kwenye kaunta buku kwa Kiswahili chake. Nimepiga picha ukurasa wa kwanza, unasema: "Bonyeza F12 mfululizo hadi ikome ubishi."

Kitu kimoja cha kushika, Windows itangulie, Linux ifuate. Linux ikija inaweka menyu yake, GRUB, inayokuuliza unataka kuingia wapi. Windows ikija nyuma haimuulizi mtu, inaandika mlango wake na menyu inapotea. Linux yenyewe inakuwa bado ipo, ila huna njia ya kuifikia mpaka uwashe tena kwa flashi na kuirudisha GRUB. Hili tulilifanyia mazoezi. Jioni moja niliifuta menyu makusudi, nikamwachia Madamu kaunta buku lake na flashi. Alihangaika karibu saa nzima, akanifukuza nilipotaka kusaidia, akairudisha.

Wiki ya pili saa ikaanza vituko. Ukitoka ile ya bure ukaingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu kamili. Ni saa nne mapumziko ya chai, Windows inakwambia saa moja, na mwalimu wa zamu alikaribia kugoma kupiga kengele. Sababu ni kwamba ile saa ndogo ndani ya mashine, Linux inaiwekea muda wa dunia, UTC, halafu yenyewe inajumlisha saa 3 zetu. Windows inaisoma ile ile kama muda wa hapa hapa. Unaiambia Linux ifuate mwenzake kwa timedatectl set-local-rtc 1, imekwisha. Mwalimu wa Historia akasema sisi Waswahili tuna saa yetu inayopishana na ya Wazungu kwa sita na hatujawahi kugombana, iweje hizi zishindwe kwa tatu.

Ugomvi wa kweli ulikuwa kwenye menyu. GRUB inangoja sekunde 10, usipochagua inaingia ile ya kwanza. Ya kwanza iwe ipi? Mimi nilitaka ile ya bure, ili mtu akisahau awe salama. Madamu akasema hapana, mwalimu asiyezoea akikuta sura ngeni atadhani ameharibu mali ya shule, hataigusa tena, na wewe utakuwa umewafungia nje wenzangu sita ili kuwakinga na kirusi. Tulibishana siku mbili, kwa adabu lakini tulibishana. Mwisho tukaweka mpangilio wa tatu, GRUB_DEFAULT=saved pamoja na GRUB_SAVEDEFAULT=true, yaani inakumbuka ulikoingia mara ya mwisho na kukurudisha huko huko. Bado sijui kama ndio bora kiusalama. Ila alikuwa na haki ya kuamua, mimi nilikuwa mgeni wa wiki nane.

Kitu kilichoniuma kidogo ni lugha. Mwalimu wa Kiswahili, shule ya Tanzania, na kila kitu kwenye skrini ni Kiingereza. Akaniuliza hakuna ya Kiswahili? Nikamwambia ilishaanza. Desemba 2004, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, bure. Microsoft nao miaka hiyo hiyo wakaja na Kiswahili chao kwa Windows na Office. Nimeuliza darasani kwetu, watu zaidi ya 40, hakuna aliyewahi kuisikia Jambo, na ilitengenezwa mwendo wa dakika kumi kutoka tunapokaa! Tafsiri za kwenye Linux ya leo zipo ila zina mashimo, neno moja Kiswahili, linalofuata Kiingereza. Madamu alijaribu siku moja akarudi kwenye Kiingereza, akasema bora ugeni ulio kamili. Halafu akaanza orodha ya maneno yanayokosekana nyuma ya lile kaunta buku. Anaandika kompyuta, tarakilishi hataki kuisikia.

Niliondoka mwishoni mwa Agosti. Oktoba 14 ikapita. Novemba wakafanya mitihani yao. Septemba fundi wa mjini alikuwa ameshapita, akataka kupiga Windows kama kawaida, Madamu akamzuia mlangoni. Ananiandikia WhatsApp mara moja moja, na anajua ninachotaka kusikia, kwa hiyo ananitajia menyu imekaa mstari gani. Mara nyingi ni ile ya bure. Wiki za kuchakata alama inahamia Windows, zikiisha inarudi. Kuna mwalimu mmoja bado anachomeka flashi upande wa Windows makusudi, anasema hawezi kupangiwa na mashine.

Kilichobaki ni betri. Nimepata moja ya Dell ile pale Kariakoo, siyo mpya lakini inashika saa mbili. Kama kuna mdau amepangiwa TP upande wa Biharamulo au Ngara mwaka huu, anitafute kabla hajakata tiketi, ni ndogo, inaingia hata kwenye begi la mkononi. Nauli ya soda nitatoa bumu likiingia.